Leo Usifaulu

"Puliza! Puliza, puliza, puliza! Usiache, Ntate, usiache, usiache! Bado ipo, bado ipo, itoe yote! Haya. Pumzika."

Sauti ilikuwa ya mwanamke, nayo ilitoka nyuma ya mlango wa zahanati uliofungwa. Kikafuata kikohozi kirefu, cha mtu anayechimbua kitu kilichokwama chini kabisa ya kifua, kisha kimya.

"Kajifungua," akasema Ntate Phoofolo huko nje, ambako kila mzee aliitwa Ntate. "Wa kiume huyo. Nimemsikia akilia."

Wazee waliokaa kwenye benchi nje, wamejifunika blanketi hadi masikioni wakiota jua la Juni, waliangua kicheko. Kicheko chenyewe hakikuenda mbali. Kilifika kooni kwa kila mmoja kikageuka kukohoa, benchi likatikisika, na kuku waliokuwa wakidonoa karibu wakatawanyika.

Khethisa peke yake hakucheka. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kidogo kidogo kwa pua kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji hadi ukingoni. Alikuwa akiitunza pumzi yake. Kushoto kwake alikaa mkewe, 'Malebusa. Kulia kwake alikaa dada yake mkubwa, Tlalane, ambaye hakuumwa chochote wala hakuitwa na mtu. Yeye alikuja kushuhudia.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu," alikuwa amesema njiani tangu walipotoka nyumbani. "Sitaki kuletewa habari zilizopikwa." Na alipotamka neno la mwisho alimtazama wifi yake.

Kwa Tlalane, ugonjwa wa Khethisa haukuhitaji mashine. Ulikuwa sejeso: sumu anayolishwa mtu kwenye chakula na mtu wake wa karibu, ikamkalia kifuani na kumla taratibu. Na nani aliyempikia Khethisa tangu aliporudi kutoka migodini? Tangu Pasaka Tlalane alihamia kwao na kuishika sufuria yeye, na 'Malebusa akakatazwa kugusa moto katika jiko alilolikandika kwa mikono yake. Khethisa hakupata nafuu. Tlalane akasema sumu ilikwisha kuota mizizi, na akaliita baraza la ukoo likae Jumapili.

Hapo ndipo Khethisa alipogonga meza. "Twendeni kwenye kipimo cha pumzi! Gari la hospitali ya wilaya linakuja wiki hii kuwapima waliofanya kazi migodini. Mashine haina shemeji wala wifi. Ikisema ni vumbi la mgodi, wewe utafunga mdomo."

"Na ikisema mapafu yako mazima?"

"Haiwezi."

"Ikisema, Khethisa?"

Khethisa alinyamaza, na dada yake akauchukua unyamavu ule kuwa ahadi. Mapafu yakiwa mazima, basi kinachomuua ni chakula, na 'Malebusa atafunga mzigo wake arudi kwao.

Sasa mlango ulifunguliwa. Mzee aliyekuwa ndani alitoka akijifuta machozi, na msichana mwenye koti jeupe akachungulia. Jina lake Khopotso, mpimaji aliyekuja na gari la hospitali. Umri wake haukupishana sana na wa Lebusa, mtoto wa kwanza wa Khethisa.

"Bado wawili, halafu Ntate Khethisa," akasema. "Nakumbusha tena: hakuna aliyevuta sigara asubuhi hii? Hakuna aliyevuta dawa ya kifua?"

"Hakuna!" benchi likajibu kwa sauti moja, kama wanafunzi.

Mlango ulipofungwa Phoofolo alimkonyeza Khethisa. Khethisa naye akashika mfuko wa koti lake, mahali palipokuwa na inhela ya bluu aliyoazimwa na Phoofolo. Alikwisha kuivuta nyuma ya choo, mara mbili, akaishikilia dawa kifuani hadi macho yakamtoka. Wiki iliyopita, alipokuja kuwaandikisha, Khopotso aliwakataza waziwazi kuitumia kabla ya kipimo. Lakini Khethisa alikuwa ameishi chini ya ardhi miaka mingi, na kule kila mtu alijua: daktari wa mgodi akikataza kitu, ujue hicho ndicho kinachosaidia.

Kila mwaka kule migodini, ng'ambo ya mpaka, likizo ikiisha, walipangwa mstari, vifua wazi, wakapulizishwa. Aliyefaulu alishuka shimoni. Aliyeshindwa alipewa tiketi ya basi na kurudi Lesotho, akakaa akiwatazama watoto wake wakikonda. Kwa hiyo walijifunza. Waliamka mapema wakajifukiza majani ya lengana, yanayofungua kifua, chini ya blanketi. Hawakupanda ngazi siku hiyo. Walikaa tuli, wakaficha kikohozi, wakapuliza kwa hasira ya mtu anayezima nyumba yake inayoungua. Khethisa hakushindwa hata mara moja. Alikuwa mshika mashine ya kutoboa mwamba, na zaidi ya hilo alikuwa mwimbaji wa lifela, nyimbo za wasafiri wa migodini, na mwimbaji wa lifela hashindwi kupuliza.

Waliomsikia siku zile bado wanahadithia. Jumamosi, bwenini, vijana wa Kisotho walikaa duara na kila mmoja akaimba safari yake, mto aliouvuka, treni iliyommeza, mwanamke aliyemwacha mlangoni. Wengine walivuta pumzi kila mstari. Khethisa alivuta mara moja tu, akaanza:

*Mimi mwana wa mlimani niliyenyonya theluji kabla ya maziwa, niliyemwacha farasi wa baba akilia zizini, nikaingia tumboni mwa treni yenye jicho moja, nikashuka shimoni na taa kichwani kama nyota iliyopotea njia, nikaupiga mwamba nao ukanitemea mawingu, niulizeni, wanaume, dhahabu ilikuwa ya nani na kikohozi kilikuwa cha nani?*

Yote hayo, pumzi moja. Wenzake walipiga miluzi na kurusha kofia. Leo hawezi kumaliza hata "niliyenyonya theluji".

"Umejifukiza lengana leo," 'Malebusa akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimeinusa kwenye blanketi."

"Ndiyo. Nipulize vizuri."

"Vizuri kwa ajili ya nani?"

Khethisa aliangalia mlango. Alidhani mkewe anataka tu maneno, na yeye hakuwa na pumzi ya kupoteza.

Zamu yake ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka spiriti. Khopotso alimpima urefu, akamwuliza umri, akaviingiza kwenye mashine isiyozidi ukubwa wa redio ndogo. Akambana pua kwa kibanio, akampa bomba la karatasi gumu.

"Ntate, utavuta hewa yote, mpaka usione pa kuiweka. Kisha midomo izibe bomba kabisa, upulize kwa nguvu zote, kwa ghafla, usiache mpaka niseme. Tutafanya mara tatu, nione kama zinafanana. Mtu akijilegeza mashine inamwona."

"Mwanangu," Khethisa akasema, sauti ikitoka kwenye pua iliyobanwa, "mimi sijawahi kujilegeza."

Na hakujilegeza. "Puliza, puliza, puliza!" Khopotso akapaza sauti, na Khethisa akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka chumba kikapoteza rangi. Mara ya pili akapuliza kwa ajili ya daktari wa mgodi. Mara ya tatu akapuliza kwa ajili ya wote waliopewa tiketi ya basi. Alipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa meza, lakini alikuwa ameketi wima.

Khopotso alitazama mchoro kwenye kioo. Akautazama tena. "Umepuliza vizuri sana, Ntate. Zote tatu zimefanana. Namba zako..." akasita kidogo, "ziko ndani ya kiwango cha kawaida. Chini chini, lakini ndani."

Khethisa alisimama. Kitu cha zamani kiliruka kifuani mwake, furaha ya yule kijana aliyegongewa muhuri na kuambiwa apite. Alifungua mlango kwa mkono mmoja, jua likampiga usoni, na mbele ya benchi zima akasema, "Nimefaulu!"

Alikuwa bado anatabasamu aliposikia sauti ya dada yake.

"Mmesikia?" Tlalane alikuwa amesimama, mikono juu. "Mmesikia wote! Mapafu mazima! Hospitali imesema! Haya, niambieni basi ni nini kinachomla ndugu yangu!"

Phoofolo alitazama viatu vyake.

'Malebusa hakulia. Alilivua blanketi lake mabegani, akalikunja mara mbili kwa uangalifu, kona kwa kona, namna mtu anavyokunja kitu anachokwenda nacho mbali. Kisha akamtazama mumewe.

"Nani kakwambia ufaulu?" akauliza.

Tabasamu lilikuwa bado limemganda Khethisa usoni, akahisi aibu yake kama upepo wa baridi unaoingia chini ya shati. Alikuja kuonyesha ugonjwa wake, akauficha. Alikuja kumtetea mkewe, akamtetea daktari wa mgodi.

"Twende," Tlalane akasema. "Jumapili si mbali."

"Siendi."

"Khethisa, umepimwa."

"Nimesema siendi!"

Akageuka, akarudi ndani. Mzee aliyefuata alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti, kibanio puani. Khethisa akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Ntate," Khopotso akasema, "umekwisha."

"Sijaisha. Mnaotaka kunitoa leteni farasi wawili."

Mzee mwenye kibanio akasema kwa sauti ya puani, "Mwache, binti. Huyu hata kule bwenini alikuwa hivihivi."

Khopotso alishusha pumzi. Alichuchumaa mbele ya Khethisa, macho yakawa sawa na macho. "Haya, niambie."

"Umesema niko ndani ya kiwango. Kiwango cha nani?"

"Cha mwanamume mwenye urefu wako na umri wako ambaye haumwi."

"Mwanamume wa kawaida."

"Ndiyo, Ntate."

"Mimi sikuwa mwanamume wa kawaida hata siku moja!" Sauti ilipanda, ikakatika. Alisubiri hewa irudi, mkono umeinuliwa ili mtu asimdakie zamu. "Niliimba... pumzi moja... wengine walipovuta tatu. Ulizeni hapo nje. Mtu akiwa na ng'ombe mia akabaki na ishirini... unamlinganisha na jirani mwenye ishirini... unasema hakuibiwa kitu? Usinilinganishe na watu. Nilinganishe na mimi."

Khopotso hakucheka. "Unachosema kipo, Ntate. Aliyeanza na mapafu makubwa anaweza kupoteza mengi na mashine ikamwita mzima. Ndiyo maana nilisita. Tungekuwa na vipimo vyako vya ujana tungeviweka pamoja."

"Viko mgodini."

"Vya wote viko mgodini," akajibu kwa uchungu. Kisha akakunja uso. "Lakini kuna jambo jingine. Mchoro wako ni wa mtu aliyefunguliwa kifua. Ulivuta dawa leo?"

Khethisa alitazama dari. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa inhela ya bluu na kuiweka sakafuni kati yao.

"Mzee Phoofolo!" Khopotso akaita bila hata kugeuka.

"Mimi sipo," ikajibu sauti kutoka nje.

"Niliwakataza kwa sababu gani, jamani? Nataka kuona kifua chenyewe! Ninyi mnanionyesha dawa!"

"Mgodini walipokataza..."

"Hapa si mgodini!" Kwa mara ya kwanza msichana alikuwa amekasirika kweli. "Kule walikupima waone kama bado unafaa kutumika. Mimi nakupima nione umefanywa nini. Unaielewa tofauti, Ntate? Ukinidanganya mimi, unawasaidia wao."

Maneno yalimwingia Khethisa mahali ambapo hewa ilikuwa haifiki siku nyingi. Mzee mwenye kibanio naye, taratibu, akatoa kopo dogo la bluu kwenye soksi yake na kulisogeza mezani.

"Basi urudi gari likija tena," Khopotso akasema, sasa kwa upole. "Bila dawa. Na picha ya kifua utapigwa wilayani."

"Gari likija tena mke wangu atakuwa hayupo." Akamweleza yote, sejeso, sufuria, Jumapili, kwa vipande vifupi vya maneno. Alipomaliza akasema, "Umenipima nimekaa. Kule chini hakukuwa na kiti, mwanangu. Nikikaa mimi ni mzima. Nipime nikitembea."

Khopotso alifikiri. Alitazama mchoro, akatazama midomo ya Khethisa aliyekuwa bado anahema sakafuni.

"Kipo kipimo hicho," akasema. "Mtu akihema kuliko namba zake zinavyosema, anatembezwa. Inuka."

Walitoka nje. Uwanja wa zahanati ulikuwa tambarare kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Khopotso aliweka jiwe kila upande, akaweka kiti katikati, akambana Khethisa kidole kwa kibanio chenye kioo kidogo.

"Hiki kinaonyesha damu imebeba hewa kiasi gani. Sasa hivi ni tisini na tatu kwa mia. Kwa huku kwetu milimani si mbaya. Utatembea kwa dakika sita, kutoka jiwe hadi jiwe, mwendo wako wa kasi. Ukichoka, simama. Nikikwambia simama, usijifanye shujaa, simama. Na usizungumze."

"Kuimba je?"

"Hasa kuimba!"

Benchi likacheka. Khethisa akafunga blanketi kwa pini yake. Zamani, siku ya kipimo, angeanza taratibu, angevuta hewa kwa siri kwenye kila kona. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kujipanga hivyo, mabega yamelegea, midomo imebana. 'Malebusa aliliona hilo kabla ya mwenyewe. Alimsogelea, blanketi lake lililokunjwa likiwa kwapani.

"Baba Lebusa."

"Naam."

"Leo usifaulu."

Khethisa alimtazama. Kisha akaanza kutembea.

Alitembea kama alivyotembea kwenda zamu, akiwa kijana, akiwa na haraka ya kuwa wa kwanza kwenye lifti. Hakujificha kwenye kona. Hakuminya kikohozi, kilipokuja alikiacha kitoke mbele ya watu, kizima, na mlio wake mbaya. Khopotso alitembea ubavuni mwake akisoma kioo kwa sauti. Tisini na moja. Themanini na tisa. Filimbi ndogo ilianza kulia kifuani mwa Khethisa, na kila alipogeuka kwenye jiwe iliongezeka nyingine. Themanini na sita. Wimbo ulimjia mdomoni, kwa sababu miguu yake haikujua kutembea kasi bila wimbo, akaumeza. Hakuna alichowahi kumeza kichungu kama hicho. Themanini na tatu.

"Tembea pole pole kidogo, Ntate."

Akatikisa kichwa. Uwanja ulianza kuwa mrefu. Tangi la maji lilisogea nyuma kila alipolifuata. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na vidole vilivyoshika blanketi vilikuwa vimeinama kama makucha.

"Themanini. Simama, Ntate. Kaa chini. Kaa!"

Akakaa. Mabega yalipanda na kushuka, mdomo wazi, na hewa yote ya milima ya Lesotho, hewa safi ile inayosifiwa, ilimzunguka bila kumwingia. 'Malebusa alishika kichwa chake. Kioo kilishuka tena kidogo kabla ya kuanza kupanda.

Khopotso aliushika mkono wenye kibanio na kuuinua kwa Tlalane. "Soma mwenyewe, mama. Kabla ya kutembea alikuwa tisini na tatu."

Tlalane alisoma. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amemlea Khethisa mgongoni, na hakuwahi kuiona midomo ile ikiwa na rangi ile mchana kweupe. Hata hivyo alikaza shingo.

"Sumu nayo inaweza kufanya hivyo. Alikula kitu asubuhi?"

"Alikula uji wa motoho," akasema 'Malebusa. "Ulioupika wewe. Ukamlisha wewe. Mimi nilikuwa nje nakusanya kuni kama mpangaji."

"Nimesema imeota mizizi!"

"Samahani, mama," Phoofolo akaingilia. Alikuwa ameinuka kwenye benchi, amevua kofia. Alimwendea Khopotso na kunyoosha kidole. "Nibane na mimi."

"Zamu yako bado, Ntate. Na wewe una dawa mwilini."

"Ndiyo, ninayo. Nibane hivyohivyo. Mke wangu alifariki Lebusa akiwa bado anatambaa. Tangu hapo napika mwenyewe, na tena napika vibaya. Nataka dada Tlalane aone nani ananilisha mimi."

Khopotso alisita, kisha akambana. Phoofolo aliondoka na vituko vyake, akipiga saluti kwenye kila jiwe, na benchi likashangilia. Baadaye hakukuwa na saluti. Khopotso alisoma, na namba zikashuka ngazi zilezile, na kabla hajafika mbali alimwamuru akae. Phoofolo alikaa kwenye magoti ya Khethisa kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, wote wawili wakihema kama farasi waliopandishwa mlima.

"Haya," akasema alipopata sauti. "Mimi pia... 'Malebusa ananipikia?"

"Na mimi!" akapaza sauti mzee mwenye kibanio, ambaye sasa alikuwa amekuja na kibanio chake puani. "Mimi napikiwa na mama yangu mzazi. Mwiteni kwenye baraza!"

"Na mimi!"

"'Malebusa, mwanamke una kazi wewe, sisi sote hawa!"

Walikuwa wanainuka mmoja mmoja, wananyoosha vidole vibanwe, wanaume wa blanketi waliokwisha kukauka, waliofaulu kila mwaka wa ujana wao. Khopotso aliwakemea warudi kwenye benchi, si mchezo, atapima kila mtu kwa zamu yake. Lakini Tlalane alikuwa amekwisha kuona. Alitembeza macho kutoka kifua kimoja hadi kingine. Alivijua vyote. Waliondoka kijijini kwenye basi moja, wakicheka madirishani, naye alikuwa miongoni mwa waliowapungia.

"Basi ni yule aliyewalisha wote," akasema polepole.

"Vumbi," akasema Khethisa.

"Nimekusikia."

"Sema basi umekosea."

"Sijasema nimekosea. Nimesema nimeona." Tlalane alilivua blanketi lake mwenyewe, akamfunika ndugu yake mabegani, kwa ukali, kama anayemchapa. Kisha akaenda kusimama kando ya tangi, mgongo kwao.

Khopotso alikuwa anaandika. "Ntate, nisikilize vizuri. Mimi sitaandika zaidi ya nilichokiona. Naandika kwamba ukikaa unaonekana mzima, na ukitembea mapafu yako hayalishi damu. Naandika kipimo cha kupuliza kirudiwe bila dawa. Picha ya kifua itaonyesha mengine, na daktari atatoa jina la ugonjwa. Bado safari ipo."

"Safari mimi naijua," Khethisa akasema. "Nitarudi. Bila lengana."

"Na bila Phoofolo."

Aliposaidiwa kuinuka alimtafuta mkewe. 'Malebusa alikuwa bado na blanketi lililokunjwa kwapani. Hakuwa amelikunjua.

"Vaa, mama. Kuna baridi."

"Jumapili watakaa," akasema. "Tlalane ameona, wengine hawajaona. Watasema wamenisamehe. Watanirudishia mwiko wangu kama wananipa zawadi. Mimi sitaki kusamehewa, Baba Lebusa. Sijafanya kosa. Nimepakwa matope miezi yote hii na wewe ulikuwa unakula kilichopikwa na anayenipaka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilisemwa mbele ya watu, na Khethisa hakutafuta mahali pa kuliepuka. Alivua kofia. Phoofolo aliacha kukohoa. Hata Tlalane, kule kwenye tangi, aligeuza kichwa.

"'Malebusa," akasema, na akasimama kwanza kuvuta hewa, bila kuificha, akiwaacha wote waisikie filimbi. "Jumapili nitasimama katikati ya ukoo. Sitapeleka karatasi peke yake. Nitaimba. Wimbo mpya wa lifela, unaofaa pumzi niliyonayo." Akavuta tena. "Maneno matatu, nipumue. Maneno matatu, nipumue. Watasubiri. Nitaliimba shimo, na vumbi, na muhuri wa daktari niliyemdanganya kwa faida yake. Nitaliimba jiko lako. Na nitasema mimi mwenyewe kwamba niliinyamazia aibu yako nikiwa na mdomo." Akavuta mara ya tatu, kwa shida, akiinua mkono mtu asimsaidie. "Sitakaa chini, mama, hata midomo ikiwa ya buluu, mpaka kila mtu wa ukoo huu alitaje jina lako, mmoja mmoja, na aseme: hukufanya. Nakuahidi."